Boksi Si Ghala la Besi

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, nao walikuwa wakimsema mtu wa maneno mengi na akili haba. Katika karakana za maseremala, kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu, mkoani Mara, methali hiyo imeacha kuwa kejeli, imekuwa kanuni ya ufundi. Ukitaka besi nzito, utaambiwa, piga boksi kubwa. Ukitaka nzito zaidi, piga kubwa zaidi. Spika ni ile ile ya inchi 12, amplifaya ni ile ile, kinachoongezwa ni mbao. Kauli hii inakubaliwa na fundi, dijei, mwenye baa na mwenye harusi, hata anayeihoji huonekana mgeni wa muziki. Mimi naihoji. Boksi si ghala la kuhifadhia besi, kwamba ghala likipanuliwa na mzigo utaongezeka. Boksi ni springi ya hewa, na springi hukatwa kwa kipimo cha kitu inachokibeba. Ikilegea kupita kiasi haibebi vizuri zaidi, inaacha kubeba. (Sabufa ninayoizungumzia ni boksi la spika ya besi linalochongwa na seremala, si ile seti ya dukani yenye rimoti na taa za rangi, ingawa hata hiyo haikwepi sheria hizi.)

Tuanze na swali dogo: ule ukubwa wa kawaida unatoka wapi? Hautoki kwenye spika. Unatoka kwenye shiti. Plaiwudi na MDF huuzwa kwa shiti la futi nane kwa nne, na shiti hilo likikatwa vipande vya futi mbili kwa mbili linatoa vipande vinane. Sita vinafunga boksi, viwili vinabaki kwa kazi nyingine. Ni hesabu safi ya mbao, haina makapi. Lakini boksi hilo la sm 61 kila upande, ukitoa unene wa mm 18, lina takriban lita 190 ndani, na lita hizo 190 hupewa spika yoyote atakayoleta mteja: yenye sumaku kubwa au ndogo, yenye ukingo mgumu au laini, ya inchi 10 au ya inchi 15. Ni sawa na fundi cherehani kushona suruali zote kwa kufuata upana wa jora. Hapo hapo kuna kosa la pili, la futikamba: wengi hupima nje. Kwa nje boksi hilo ni lita 227. Lita 37, karibu ndoo mbili, zimemezwa na mbao kabla hujatoa nafasi ya sumaku na mihimili ya ndani. Anayesema amepiga boksi la lita 227 hajui alichopiga.

Springi ya hewa maana yake nini? Spika ya besi ikiachwa wazi mezani, koni inapokwenda mbele inasukuma hewa ya mbele na papo hapo inaivuta ya nyuma. Mawimbi mawili yanazunguka ukingo, yanakutana, yanafutana. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha, na kwa kazi hiyo boksi lolote lisilovuja linafaa. Kazi ya pili ndiyo yenye hesabu. Hewa iliyofungiwa humo hubanwa koni inaporudi nyuma na hutanuka inapokwenda mbele, na kila mara huivuta irudi katikati. Hewa kidogo, springi ngumu. Hewa nyingi, springi laini. Mmarekani Edgar Villchur alijenga biashara nzima juu ya jambo hili mwaka 1954: modeli yake ya AR-1 ilikuwa na spika ya inchi 12 ndani ya boksi la kukaa kwenye rafu, enzi ambayo besi ya namna ile ilitarajiwa itoke kwenye kabati la ukubwa wa friji. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akachapisha hesabu ya maboksi yenye tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, akaipanua na kuikamilisha. Tangu hapo kiwanda makini huandika kwenye karatasi ya spika namba tatu anazozihitaji fundi: Fs, idadi ya mitikisiko kwa sekunde ambayo koni huipenda ikiachwa huru, Qts, inayoonyesha koni inakabwa kiasi gani isiendelee kutikisika, na Vas, kiasi cha hewa ambacho ulaini wake unalingana na ulaini wa ukingo wa koni yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoitwa inchi.

Chukua spika ya mfano ya inchi 12: Fs hezi 30, Qts 0.4, Vas lita 100. Tunataka boksi lililofungwa, lenye sauti iliyonyooka isiyo na nundu, na kwa hilo namba ya Q ya spika ikiwa ndani ya boksi iwe 0.707. Gawanya 0.707 kwa 0.4, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa moja: unapata 2.12. Lita 100 gawanya kwa 2.12 ni lita 47. Katika boksi hilo sauti inashuka hadi hezi 53 kabla haijapungua kwa desibeli tatu, kiwango ambacho watu wa sauti hukihesabu kuwa mpaka. Sasa iweke spika ile ile kwenye boksi la shiti, lita 190, mara nne ya lile. Mwenye imani ya ukubwa atatarajia mpaka ushuke mbali. Unapanda, unakuwa hezi 58 na ushei. Kwenye hezi 40, karibu na sauti ya waya mnene kabisa wa gitaa la besi ambayo ni hezi 41, boksi kubwa linalizidi dogo kwa nusu desibeli na kidogo, tofauti ambayo sikio haliishtukii. Kwenye hezi 60, pale dramu ya mguu inapopigia, dogo ndilo linalozidi, kwa karibu desibeli moja. Tusifiche upande wa pili: kule chini kabisa, hezi 20, boksi kubwa linashinda kwa desibeli nne. Ila kule hakuna wimbo. Na bei ya ushindi huo ni kwamba springi imelegea, kwa umeme ule ule koni inasafiri mbali zaidi ya mara moja na nusu kwenye sauti hizo za chini. Dijei anapopandisha kitufe cha besi usiku wa manane, koni ya boksi kubwa ndiyo inayogonga mwisho wake, inachana ukingo, inachubua koili, na asubuhi inarudishwa kwa fundi. Fundi naye, kwa nia njema, anashauri boksi kubwa zaidi.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, mbona boksi kubwa linavuma na wote tunalisikia? Linavuma kweli. Swali ni nani anayevuma. Ubao ukiongezwa upana unalegea kwa kasi kuliko watu wanavyodhani: ukirefusha pande zake mara mbili bila kuongeza unene, sauti yake ya asili inashuka hadi robo. Ubao mpana wa plaiwudi nyembamba usio na mhimili katikati ni ngoma, haujali umeitwa ukuta wa boksi. Gonga kwa kifundo cha kidole katikati ya ubavu: ukijibu “ngooo” yenye mkia, huo ndio mvumo uliokuwa ukisifiwa harusini. Ni noti moja, ile ile, iwe wimbo ni wa kwaya au wa amapiano. Ukuta wa boksi lililo sawa hujibu “ko”, kavu, kama kugonga jiwe. Kwa hiyo masikio ya wanaolisifu boksi kubwa hayadanganyi, ila yanasifu mbao yakidhani yanasifu spika. Wahenga wa debe walilijua hili kuliko mafundi wetu.

Boksi lenye tundu lina hesabu yake, na hapa ndipo ukubwa wa kubahatisha unapoharibu zaidi. Hewa iliyo ndani ya bomba la tundu ni mzigo, hewa iliyo ndani ya boksi ni springi, na vikiwa pamoja hupiga sauti yao wenyewe, kama chupa inayopulizwa mdomoni. Sauti hiyo inatakiwa ishike pale koni inapoanza kuchoka. Kwa spika yetu ya mfano, boksi la tundu hutaka lita 108 au karibu na hapo, zaidi ya mara mbili ya lile lililofungwa, likiwa limelengwa hezi 29. Nakiri, basi, kwamba kuna maboksi yanayostahili kuwa makubwa. Ila ona kilichoamua: ni aina ya boksi na namba za spika, si shiti. Ukiweka lita 91 (kwa nini 91 nitaeleza sasa hivi), bomba la plastiki la inchi nne lenye urefu wa sm 24 linakupa hizo hezi 29. Bomba hilo hilo ukilichomeka kwenye boksi la lita 190 linashuka hadi hezi 20. Tundu sasa linafanya kazi mahali ambapo wimbo haujafika, na kwenye hezi 40, unapoihitaji nguvu, msaada wake umepungua. Fundi akiona besi imekonda, hulikata bomba liwe fupi zaidi kwa jicho, na kama Mungu amejalia linaangukia mahali pake. Mimi sipingi kujaliwa. Napinga kumtoza mteja pesa kwa ajili yake.

Lita 91 ni kwa sababu ya mwinuko. Karatasi ya spika huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Tarime iko karibu mita 1,500 juu yake, na Mugumu haiko chini sana ya hapo. Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni karibu sehemu tano tu kati ya sita za ile ya Dar es Salaam. Ugumu wa springi ya hewa hufuata kanieneo moja kwa moja, kwa hiyo lita moja ya hewa ya Tarime ni springi laini kuliko lita moja ya hewa ya Kariakoo. Vas iliyoandikwa lita 100 huku kwetu ni kama lita 84. Rudia hesabu: boksi lililofungwa linataka lita 40 badala ya 47, la tundu lita 91 badala ya 108. Urefu wa bomba kwa boksi la ukubwa fulani haubadiliki kwa kimo, maana sauti ya chupa hufuata mwendo wa sauti hewani, na mwendo huo hutegemea joto, hautegemei kanieneo. Kwa maneno mengine, seremala wa Tarime anayenakili vipimo vya boksi zuri la Dar es Salaam tayari amelifanya kubwa kupita kiasi. Anayenakili kisha akaongeza kidogo “ili livume” amekosea mara mbili. Nyanda za juu hizi, ambazo ndizo zenye imani kali ya boksi kubwa, ndizo zenye sababu ya kimaumbile ya kupiga dogo.

Wapo watakaoniletea litungu. Tangu enzi, watasema, Wakurya wamejua kuwa ala kubwa ndiyo yenye sauti nzito: tazama litungu, nyuzi nane juu ya bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, na ulinganishe na nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, nyuzi nane vilevile, bakuli dogo, sauti ya juu. Hoja ni nzuri, na mimi naichukua kama shahidi wangu. Uzito wa litungu huanzia kwenye nyuzi: ndefu, nene, zisizokazwa sana. Bakuli limechongwa kuzifuata nyuzi hizo, na ngozi imewambwa kulifuata bakuli. Mchongaji hachukui nyuzi za nyatiti akazifunga kwenye bakuli la litungu akitegemea sauti ya litungu. Angechekwa kijiji kizima. Hicho ndicho kinachofanywa kila siku kwa spika ya inchi 10 ndani ya lita 190. Litungu halifundishi kwamba ukubwa unaleta besi. Linafundisha kwamba kila kiungo kinakubaliana na kingine.

Pingamizi lenye uzito kuliko hilo linatoka kwa fizikia yenyewe. J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, alisema jambo ambalo hadi leo linaitwa sheria ya chuma: besi ya chini sana, sauti kubwa kwa umeme kidogo, na boksi dogo, vitatu hivyo huvipati pamoja, chagua viwili. Je, si ushahidi kwamba ukubwa unalipa? Unalipa pale spika imetengenezwa ili iutumie. Spika za matamasha za inchi 18 zenye sumaku nzito na maboksi ya kutisha zimebuniwa pamoja na maboksi yake, spika na boksi ni kitu kimoja. Sheria ya Hofmann inamfunga mbunifu wa spika. Haimpi seremala ruhusa ya kuipa spika iliyokwisha kubuniwa nyumba isiyo yake. Na kwa uwanja wa wazi, ambako hakuna kuta za kurudisha besi na wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, dawa ni kusukuma hewa nyingi zaidi. Spika mbili zilizokaa pamoja, kila moja na umeme wake, huongeza desibeli sita. Tatu huongeza tisa na nusu. Sasa rudi kwenye shiti letu. Vipande vya sm 38.5 vinatoka kumi na vinane, maboksi matatu, kila moja lita 42 na nusu, na spika yenyewe ikishachukua nafasi yake zinabaki lita 40. Shiti lile lile lililotoa boksi moja la kuvuma linatoa matatu ya kupiga. Gharama ya spika mbili za ziada ipo, siifichi. Ila anayezidisha mbao ili akwepe kununua spika amenunua kitu kisichofanya kazi ya spika.

Kisha kuna wanaosema: namba hizo tutazipata wapi, spika za mnadani hazina karatasi, na zenye karatasi zina uongo? Kweli tupu kuhusu uongo. Spika iliyoandikwa wati 2,000 na sumaku ya ukubwa wa kifuniko cha chai inajulikana. Lakini namba hizo hupimwa. Simu ya kawaida yenye programu ya kutoa milio ya hezi moja moja, amplifaya, rezista moja na mita ya umeme ya fundi redio vinatosha. Unaunganisha rezista kwenye waya wa spika, unashika mita kwenye miguu ya spika, unapandisha milio kuanzia hezi 15 polepole. Pale volti zinapofika kilele ndipo ilipo Fs. Halafu unaifunga spika kwenye boksi la majaribio, tuseme lita 50, bila kuacha upenyo, na kutafuta kilele tena. Spika yetu iliyosoma 30 ikiwa huru ingesoma 52 pwani. Tarime itasoma 49. Gawanya 49 kwa 30, zidisha jibu kwa lenyewe, toa moja, zidisha kwa 50: lita 83 au 84, Vas ya hapa hapa, mwinuko ukiwa tayari ndani ya hesabu. Upana wa kilele hicho nao hukupa Qts. Na kuhakikisha lita za boksi lenyewe huhitaji kikokotoo: mwaga mahindi makavu ndani kwa ndoo ya lita 20 uhesabu. Ni kazi ya asubuhi moja. Wanaoiona kuwa ni mambo ya maabara waende Nyamongo watazame dhahabu inavyopimwa kwa gramu na sehemu za gramu, mizani ikikingwa hata upepo. Huko hakuna anayeuza kwa kusema “hili linaonekana zito.”

Inabaki hoja ambayo haina fizikia ndani yake, na nadhani ndiyo inayotawala zote: mteja anataka kuona. Mwenye baa anataka boksi linalojaza kona, mwenye harusi anataka “muziki mnene” unaoonekana hata kabla haujawashwa. Sina ugomvi na macho ya mtu. Boksi la futi mbili linaweza kupigwa ukuta wa kati ndani yake, spika ikapewa lita zake 40 zilizozibwa barabara, na upande wa pili ukawekewa mlango wa kuhifadhia waya na maikrofoni. Mteja ataona boksi kubwa, spika itaona boksi dogo, na ubao wa mbele utapata mhimili wa kuukaza. Lakini aelezwe na uzito wake: boksi la MDF la futi mbili ni karibu kilo 28 kabla ya spika, dogo ni kilo 11, na kuna tofauti kati ya kupakiza hilo na hili kwenye gari linalotoka Tarime kwenda Mugumu.

Kwa hiyo wewe unayeagiza, usiende karakana na picha ya boksi la jirani. Nenda na spika yako mkononi, na msimamie hadi aipime. Na kazi ikikamilika, kabla hujalipa, mwombe fundi aandike nyuma ya boksi kwa penseli yake ya seremala mambo matatu: lita za ndani, hezi za tundu kama lipo, na spika ambayo boksi hilo lilipigiwa. Akishindwa kuandika, umenunua kabati.